Kikopo cha sumaku cha jiokeshi, nimekitumia miezi 14 Posta: nyota 3 kati ya 5

Wakuu habari zenu. Naandika hii kwa sababu kabla sijanunua nilitafuta mtu hata mmoja aliyewahi kukitumia hiki kikopo mjini nikakosa, wanaokisifia wote ni watu wa porini huko Ujerumani na Marekani, mtu anakiweka kwenye shina la mti anaenda zake. Mimi nilikiweka Posta, Dar, pembeni kabisa ya mzee muuza kahawa.

Kwa wageni, jiokeshi ni mchezo, unaficha kikopo chenye karatasi ndani, unaweka namba za GPS kwenye apu, watu wanakuja kukitafuta, akikiona anaandika jina lake anakirudisha palepale. Ulianza Marekani Mei 2000, serikali yao ilipoacha tu kuvuruga mawimbi ya GPS ya raia jamaa mmoja akaenda kufukia ndoo huko Oregon. Ndoo! Weka ndoo Posta uone, saa haiishi ama imebebwa ama wameitwa polisi.

Sasa kikopo chenyewe. Ni cha alumini, urefu kama kidole gumba, kifuniko cha kuzungusha chenye kimpira cha kuzuia maji, halafu chini wamegandisha sumaku kwa gundi. Viwili elfu 30 kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, vimekaa njiani wiki tano. Kwenye picha ni cheusi, kilichonifikia kinang'aa kama hereni, na kitu kinachong'aa mtaani kwetu hakilali, kwa hiyo nilimuomba mdogo wangu rangi yake ya kucha ya kijivu nikakipaka mara mbili, ikatoka vizuri mpaka nikashangaa.

Cha kwanza nikakipachika kwenye nguzo Kariakoo. Siku tisa. Hapo simlaumu muuzaji, nimejitakia, vijana wa vyuma chakavu wana macho kuliko mtafutaji yeyote mwenye GPS.

Cha pili ndio hiki, chini ya benchi la chuma hapo hapo Posta, upande wa kanisa la Azania Front. Nikajifunza, safari hii nikaomba ruhusa kwanza kwa wenye benchi (masharti ya mchezo yanataka ruhusa ya mwenye eneo, pia kisiwe ndani ya mita 161 na kikopo kingine), nikamwambia mlinzi, nikabandika na kikaratasi MCHEZO, SI KITU CHA HATARI na namba yangu ya simu. Msidharau hicho kikaratasi jamani. Mwaka 2011 kule Wetherby, Uingereza, mtu alionekana anahangaika na kikopo nje ya mgahawa, ikaitwa timu ya mabomu, wakakilipua. Na sisi Dar hatujasahau bomu la ubalozi wa Marekani 1998.

GPS nayo ilinitoa jasho, yale maghorofa yanarudisha mawimbi hovyo, nimekaa kwenye benchi simu inaniambia nipo baharini. Nikaenda siku nne tofauti, asubuhi na jioni, nikapiga wastani, ndio nikaandikisha.

Uzuri wake uko kwenye sumaku. Malori yanapita, benchi linatetemeka, watu wanakaa wanainuka siku nzima, haikuwahi kudondoka. Tena kilivyo kidogo watafutaji walikuwa wanaaibika vizuri sana. Siku moja napita, nimemsalimia mzee shikamoo, akanijibu marahaba huku anacheka, "mwanangu, wale wageni wako wamekuja tena, wanapapasa benchi kama wamedondosha pete ya ndoa." Kuna mmoja alikuja na kile kibati cha safari chenye namba ya kufuatilia, kinahamishwa kikopo hadi kikopo, hakikuenea ndani, akamwachia mzee. Mzee akakining'iniza kwenye birika. Kilikaa pale mwezi mzima mpaka akaja mwingine akasafiri nacho Zanzibar.

Ubaya sasa. Kile kimpira ni geresha. Masika ya kwanza tu nafungua nakuta karatasi imekuwa ugali, majina yote wino mtupu. Nikaweka karatasi isiyoshika maji na kimpira kipya cha fundi wa bomba, shilingi 500, tangu hapo pakavu, sasa jiulize kwa nini muuzaji asiweke hicho toka mwanzo. Halafu chumvi ya bahari, kifuniko kikaanza kuuma, mtu anazungusha mpaka mishipa ya shingo inatoka. Kama upo pwani kipake mafuta ya mgando kila mwezi, bara huko sijui kama mtahitaji.

Mwezi uliopita nikaambiwa mabenchi yanang'olewa, njia inatengenezwa upya. Kwenye apu nikaanza kwa kukisimamisha kwa muda, mzee akanithibitishia na yeye anahama, basi nikakistaafisha jumla. Na nawaomba, ukistaafisha nenda ukakitoe kwa mkono wako, ukibonyeza tu kwenye simu ukakiacha pale hiyo ni takataka umetupa barabarani. Nilienda Jumapili alfajiri. Navuta, kikopo kikatoka, sumaku ikabaki kwenye benchi! Gundi ilishakufa zamani, ni kutu tu ndiyo ilikuwa imeshikilia. Nikaibandua na bisibisi huku mlinzi mgeni ananitolea macho, ikabidi nimwonyeshe kile kikaratasi. Nilimwandikia muuzaji kuhusu hiyo gundi, kasoma, kimya.

Kwa hiyo mjini huko bara, nunua. Pwani, nunua ila toa gundi yao weka ya kwako siku ya kwanza. Karatasi nimeibandika kwenye friji, ina majina 41 na duara la kahawa. Kikopo bado kizima, anayekitaka aje nimpe bure, sumaku atajitafutia.