Losheni na unga unaong'aa kwa mafunzo ya usafi wa mikono: nunueni, ila msiamini lebo

Nafundisha vitendo kwa wanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza. Somo gumu kuliko yote ni kunawa mikono, maana kila anayeingia darasani anaamini alishalijua tangu chekechea. Ndiyo sababu nilinunua seti hii kwa muuzaji wa vifaa vya maabara: chupa ya losheni, kopo la unga mweupe na tochi ndogo ya mwanga wa urujuanimno. Nililipa shilingi 85,000.

Losheni inafanya kazi yake. Mwanafunzi anajipaka mikono yote, ananawa kama alivyozoea, kisha tunazima taa. Ukimulika, losheni iliyobaki inawaka buluu: kwenye ncha za vidole, pembeni mwa kucha, na hasa kwenye dole gumba, kwa kuwa wengi husugua kiganja kwa kiganja na gumba linasahaulika. Aliyevaa pete anaona duara zima chini yake. Tangu hapo sibishani tena na mtu kuhusu pete na kucha ndefu. Tunarudia hatua zilizopendekezwa na WHO, sekunde 40 hadi 60 kwa maji na sabuni, na kila mmoja anajikagua mwenyewe.

Unga lakini ndio unaonifanya niisifu seti hii. Niliupaka kidogo kwenye vyuma vya pembeni vya kitanda cha mazoezi na kwenye mshikio wa toroli, sikumwambia mtu. Wanafunzi wakapima presha, wakahesabu mapigo ya moyo, wakajaza chati, wakamgeuza yule mgonjwa wa plastiki. Nilipozima taa, unga ulikuwa kwenye kalamu, kwenye mkanda wa mashine ya presha, kwenye faili, kwenye simu zao, na kwenye barakoa ya binti mmoja aliyeivuta chini apate hewa. Kitanda cha pili, ambacho mimi sikukipaka kitu, nacho kilikuwa na alama za vidole. Wakaanza kuulizana wenyewe nani alishika nini kabla ya nini.

Kati ya nyakati tano ambazo WHO inamtaka mhudumu wa afya asafishe mikono, ule wa tano, yaani baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka mgonjwa, ndio mgumu kuuingiza kichwani. Mwanafunzi anakwambia, "Mwalimu, mbona mgonjwa sikumgusa?" Ni kweli hakumgusa. Aligusa kitanda chake, na kutoka hapo akaenda kwa mwingine. Katika wodi ya watoto wachanga, bakteria aitwaye klebsiela hupita njia hiyohiyo. Mihadhara yangu yote kuhusu wakati huo wa tano haikufanya kilichofanywa na kijiko kimoja cha unga.

Jaribuni pia kuupaka kwenye glovu kisha mwambieni mwanafunzi azivue. Wengi wanabaki na alama kwenye kifundo cha mkono, na wanaelewa kwa nini mtu ananawa hata kama alivaa glovu.

Kinachoniudhi ni lebo. Imeandikwa kwamba tochi "inaonyesha vijidudu". Haionyeshi. Inachoonyesha ni losheni na unga, basi. Bakteria kama stafilokokasi ana upana wa takriban mikrometa 1, na hakuna tochi ya mkononi itakayomfanya aonekane kwa jicho. Huu si udhaifu mdogo kwa kifaa cha kufundishia: nimesikia mwanafunzi akitangaza kwamba mikono yake haina bakteria hata mmoja kwa sababu haikuwaka. Ngozi ina bakteria wakazi, na hao hawamaliziki kwa kunawa. Tunaowafukuza ni wapitaji, waliookotwa kwa mgonjwa au kwenye vifaa.

Kwa hiyo siku inayofuata natumia sahani za agari, yaani jeli ya kuoteshea bakteria. Mwanafunzi anagusa upande mmoja kabla ya kunawa na upande wa pili baada ya kunawa. Tunazifunga kwa utepe na kuziweka kwenye joto la nyuzi 37 usiku kucha. Makoloni, yaani vishada vya bakteria vinavyoonekana kwa jicho, yanapotokea, hata upande ulionawiwa huwa nayo, na hapo mazungumzo ya mikrobiolojia yanaanza kwa dhati. Sahani hazifunguliwi tena: zinaenda kwenye otoklevu, mashine inayoua vijidudu kwa mvuke, nyuzi 121, kabla ya kutupwa.

Mengine ni madogo. Chumba kiwe na giza la kutosha, mapazia mepesi hayasaidii. Sare nyeupe zilizofuliwa kwa sabuni ya unga zinawaka buluu zenyewe, kwa hiyo kagueni mikono na vifaa kwanza msije mkababaika. Tochi iliyokuja na seti yangu ina mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 395 na inatoa zambarau nyingi inayofunika mng'ao. Ya nanomita 365 inaonyesha vizuri zaidi, kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipa. Msimmulike mtu machoni. Na kamwe msiibadilishe na taa za kuulia vijidudu za nanomita 254, zile zinaunguza ngozi na macho.

Losheni inaisha haraka kwa darasa kubwa, wakati kopo la unga bado limejaa zaidi ya nusu. Kama bajeti ya chuo inaruhusu kimoja tu, chukueni unga na tochi.