Mfungwa wa New South Wales: shambani kwa bwana au genge la minyororo?

Miaka ya 1830, wafungwa wengi waliotoka Uingereza na kushushwa Sydney, katika New South Wales, koloni la Waingereza huko Australia, waligawiwa walowezi: kuchunga kondoo, kulima, kupika. Mshahara hakuna, chakula, nguo na malazi juu ya bwana. Ukipata mwenye utu, afadhali. Mwenye kifungo cha miaka 7 akitulia kwa bwana mmoja miaka 4, aliweza kupewa kibali cha kujitafutia kazi. Ukipata mkatili, umekwisha. Kisheria bwana hakuruhusiwa kumchapa mfungwa kwa mkono wake. Ilibidi amfikishe kwa hakimu. Ila hakimu mwenyewe mara nyingi ni mlowezi jirani, naye ana wafungwa wake shambani! Kujibu kwa jeuri tu kuliweza kumletea mtu viboko 50 mgongoni.

Genge la minyororo halikuwa na bahati nasibu hiyo. Pingu miguuni, kupasua mawe ya barabara, askari wenye bunduki pembeni, usiku kubanana kwenye vibanda vya mbao. Mimi ningeomba shamba bila kusita. Ajabu ni kwamba baadhi ya waliokuwa gengeni walitokea huko huko mashambani, baada ya kushtakiwa na mabwana zao.