Hija ya Roma kupitia wakala wa Dar: tumelipishwa mlango usiolipiwa

Kuingia Basilika la Mtakatifu Petro ni bure. Bure kabisa, kama unavyoingia Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu pale karibu na pantoni. Ile foleni ndefu ya uwanjani si ya tiketi, ni ya ukaguzi: mkoba kwenye mashine, mkanda wa suruali uvue, upite. Sasa kwenye mchanganuo wa kampuni iliyotupeleka kuna mstari "kiingilio Basilika", na euro zake kwa kila kichwa.

Nilipouliza, dada wa mapokezi hakuinua hata macho kwenye simu. "Mama, Roma siyo Msimbazi. Kule kila kitu hela." Mbele ya wazee wa jumuiya, watu waliodunduliza muda mrefu.

Nisiwaonee. Tovuti rasmi ya Basilika inauza nafasi ya kuingia kwa saa maalumu, pamoja na maelezo ya kusikiliza masikioni. Kwa hiyo kitu cha kulipia kipo. Lakini hapo unalipia saa na maelezo, na ukaguzi unapita vilevile. Sisi hatukupewa saa wala maelezo. Tulipanga foleni ileile na waliokuja mikono mitupu.

Na walituweka Jumatano asubuhi! Jumatano, Baba Mtakatifu akiwepo Roma, kuna katekesi, yaani mafundisho yake kwa mahujaji, mara nyingi hapohapo uwanjani, na wageni hawaingii Basilika mpaka iishe, kwenye saa sita na nusu hivi. Wao wakaandika Basilika saa tatu, Makumbusho ya Vatikani saa saba. Ukingoja Basilika lifunguliwe, Makumbusho yamekupita: mlango wake uko upande mwingine wa ukuta, robo saa kwa miguu, zaidi mkiwa na wazee, na tiketi yake, ambayo kweli inalipiwa, ina saa yake. Vibali vya katekesi navyo ni bure, vinaombwa mapema kwenye ofisi ya Vatikani iitwayo Nyumba ya Kipapa. Hawakuomba. Tukaishia kuchungulia kutoka nje ya uzio.

Viza zao, lakini, sina neno. Bima ya safari yenye kinga ya kuanzia euro 30,000, taarifa ya benki, barua ya paroko, kila faili lilikwenda limekamilika na hakuna aliyerudishwa. Kwa hilo nilikuwa tayari kuwasamehe.

Ila nikikumbuka kupanda kuba la Basilika, hasira inarudi. Wazee waliambiwa "kuna lifti". Lifti inaishia kwenye paa. Ngazi zote ni 551. Ukipanda lifti bado zinakusubiri 320 za miguu. Huko juu njia ni nyembamba, bega linagusa ukuta, na ukuta wenyewe umeinama kufuata mviringo wa kuba, kwa hiyo unapanda mwili umelala upande. Pale mwisho ngazi inazunguka kama parafujo na unashika kamba. Nyuma yako watu wamejaa, hakuna kugeuka. Mwenye magoti mabovu au pumzi fupi abaki chini, na hilo aambiwe Dar, kabla hajalipa.

Mnaopanga wenyewe: acheni Jumatano asubuhi, acheni pia Jumapili kuelekea saa sita mchana, uwanja unajaa kwa sala ya Malaika wa Bwana. Fikeni saa moja asubuhi milango inapofunguliwa. Ikigonga saa nne, foleni imeshazunguka nguzo za uwanja kama ya Kigamboni siku ya sikukuu. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Kanga moja ndani ya mkoba inatosha kumwokoa aliyevaa gauni lisilo na mikono. Kisu cha matunda kibaki hotelini.

Ukishaingia, anza upande wa kulia. Pale ndipo ilipo Pietà ya Michelangelo, sanamu ya Mama Maria akimpakata Yesu aliyekufa, nyuma ya kioo tangu ilipopigwa nyundo mwaka 1972, na hatua chache mbele ni kaburi la Yohane Paulo II, aliyekuja kwetu 1990. Asubuhi ile unapiga magoti na kusali mpaka unamaliza. Sisi tulifika mchana, tukasukumwa, mama mmoja hakuliona hata jiwe lenyewe.

Kazi ya viza nitawapa tena. Ratiba ya Roma nitaandika mwenyewe, na hela ya kile "kiingilio" bado naidai.