Kufuatiliwa mishipa ya fahamu wakati napasuliwa shingo: uzoefu wangu, niko Kigoma

Mwaka jana nilipasuliwa shingo hospitali moja ya Dar, sitaitaja, na muda wote nikiwa nusukaputi walinifunga ile mashine inayofuatilia mishipa ya fahamu na misuli. Naandika kwa sababu huku kwetu mtu akiambiwa aende akapasuliwe uti wa mgongo anauliza bei na anauliza daktari ni nani, basi. Hiki kitu hakuna anayekiuliza. Hata mimi sikuuliza, nilikuwa sijui kama kipo.

Mimi ni wa dagaa, hapa Kibirizi, mizigo nimebeba kichwani tangu niko msichana. Ilianza ganzi ya vidole nikasema ni baridi ya alfajiri pale mwaloni, ufukweni tunaposhushia samaki. Halafu hela zikaanza kunishinda kuhesabu, noti mbili za elfu kumi zimegandana mimi nashika naona ni moja, kuna mteja wangu mwaminifu alinirudishia mara mbili, akaniambia mama leo tena umenizidishia, nenda hospitali. Vifungo vya blauzi nikawa nafungiwa na mjukuu. Miguu nayo nikitembea naiona mizito kama nimevaa viatu vya mtu mwingine. MRI, ile picha ya ndani ya mwili, ikaja kuonyesha diski imetoka kati ya pingili ya tano na ya sita ya shingo na imekandamiza uti wenyewe, ile kamba ya fahamu inayopita ndani ya pingili. Safari ya treni na kola shingoni sitaielezea, aliyesafiri Kigoma mpaka Dar akiwa mgonjwa anaijua.

Siku moja kabla ya upasuaji akaja kijana wa hiyo mashine. Kunisikia tu naongea akanisalimia kwa Kiha chetu, "mwakeye mama", kumbe kwao Kasulu! Nilishusha pumzi kwa kweli. Akakaa akanieleza taratibu kwamba ukishalala huwezi kusema hapo naumia wala mkono umekufa ganzi, kwa hiyo mashine ndiyo inasema kwa niaba yako. Wanaweka sindano nyembamba sana kichwani, mikononi na miguuni. Umeme mdogo unagongwa kwenye kifundo cha mkono na cha mguu, unapanda na mishipa hadi kichwani wanausoma kule. Halafu wanafanya kinyume chake, wanagonga kichwani wanaangalia kama misuli ya chini ya kidole gumba na ya miguuni inastuka. Wanachukua kipimo cha mwanzo, chako wewe mwenyewe, wanalinganisha nacho mpaka mwisho. Yale mawimbi ya kupanda yakipungua urefu kwa asilimia 50 au yakichelewa kwa asilimia 10, anamwambia daktari papo hapo. Akaniambia zamani kabla ya mashine hizi, kuna madaktari wa Ufaransa walieleza mwaka 1973 njia ya kumwamsha mgonjwa katikati ya upasuaji wa mgongo achezeshe miguu halafu wanamlaza tena. Nilisisimka mwili mzima kusikia hivyo.

Kingine ambacho sikujua ni kwamba daktari wa usingizi kazi yake inabadilika. Dawa ya kulegeza misuli wanakupa mwanzoni kuingiza mpira kooni halafu wanaiacha iishe, maana misuli ikilegezwa haitastuka hata mshipa ukiwa mzima. Na usingizi wanauendesha zaidi kwa dawa ya mshipani kuliko ile ya kuvuta, kwa sababu ya kuvuta inafifisha mawimbi. Presha pia, ikishuka sana mawimbi nayo yanashuka, kwa hiyo mashine ikilia sio lazima kisu ndicho kimekosea.

Sasa kilichonitokea. Kesho yake baada ya upasuaji, jioni, kijana akaja na karatasi zake, akanionyesha mstari wa mkono wa kushoto. Kabla hata hawajanichana, mabega yangu walikuwa wameyavuta chini kwa plasta ili eksrei ione vizuri pingili za chini za shingo. Ule mstari mwanzo una kilima kizuri, unaofuata kilima kimepungua zaidi ya nusu, unaofuata kimebaki kama kichuguu. Akapaza sauti, daktari wa usingizi akaangalia presha iko sawa, wakailegeza plasta ya bega la kushoto, baada ya dakika chache kilima kikaanza kurudi. Nikamuuliza, mngeacha? Akasema mkono ungekaa umevutwa vile masaa yote ya upasuaji na mshipa ungeweza kuumia. Nilimshika mkono nikashindwa kuongea. Mimi nilikuwa naogopa kisu tu, bega sikuliwaza kabisa.

Malalamiko ninayo. Niliamka ulimi umevimba na una kidonda pembeni, hakuna aliyenitahadharisha. Kumbe wakigonga umeme kichwani taya linabana, ndio maana wanaweka vitambaa kati ya magego, na changu nadhani kilisogea. Siku nne nakunywa uji kwa mrija. Vidoti vya sindano kwenye miguu mwanangu alidhani nimepata upele. Na bili! Hiyo huduma niliikuta imeandikwa peke yake siku ya kutoka, bima haikuigusa, hela inayokaribia mtaji wangu wa giza zima la dagaa, yaani zile siku za mwezi zisizo na mbalamwezi tunapovua, watu wa ziwani mnanielewa. Ningeambiwa mapema ningelipa bila kunung'unika. Fomu ya ridhaa ilikuwa ya kiingereza, alisaini mwanangu, na yeye hakuelewa.

Kwa hiyo wewe unayekwenda uliza mapema, itatumika au haitatumika, nani atakaa kwenye mashine muda wote, na inalipiwaje. Kama una kifafa, au una betri ya moyo au chuma chochote kichwani, sema kabla, usisubiri uulizwe. Na usidhani mashine inatibu, ile inatoa taarifa tu, wanaofanyia kazi taarifa ni watu, ukikuta timu isiyosikilizana sioni itakusaidia nini.

Mimi nimerudi mwaloni mwezi wa tatu sasa, kichwani sibebi tena, vijana wanabeba. Kidole kidogo cha kushoto bado kina ganzi, ila hiyo nilikwenda nayo, hata kwenye kipimo cha mwanzo mkono huo ulikuwa dhaifu kuliko wa kulia. Vifungo nafunga mwenyewe. Juzi nimehesabu laki sita za mteja wa Tabora, noti moja moja, nikarudia mara ya pili, zikatimia.