Nimebadilisha usukani wa R6 mara mbili: mikono imepona, ila kona zilinidai

Pikipiki yenyewe ni Yamaha R6 ya 2006, cc 599, niliinunua ikiwa imeshatumika. Siku tatu kwa wiki naenda nayo kazini, Kibaha mpaka Posta, na mwezi mara moja natoka nayo mbali kidogo, mara nyingi Lushoto. Anayeijua hii mashine anajua unavyoikalia. Usukani wake sio bomba moja, ni vipande viwili, hizo ndo tunaziita klipon, kila kipande kinabana shokapu yake ya mbele chini ya ile sahani ya juu inayoshika vichwa vya shokapu zote mbili, sasa kiti kiko juu, viganja viko chini, kifua kimelala kwenye tanki. Spidi ikiwa kubwa wala sio tatizo maana upepo unakubeba kifua na mikono inapumzika.

Shida ni kwamba kwetu hiyo spidi huikai muda wote. Mimi nikienda Lushoto napita Bagamoyo nikatokee Msata kukwepa malori ya Chalinze, halafu kuanzia Msata mpaka Mombo ni vijiji kwa vijiji, kila kijiji 50, na ukijisahau tu askari wa tochi huyo hapo chini ya mti. Ukishuka 50 upepo unakuacha mkono, uzito wote kuanzia kiunoni kwenda juu unaangukia kwenye viganja. Nikifika Segera kidole kidogo na cha pete vimekufa ganzi mikono yote miwili, mara ya mwisho nimesimama kununua maji nikashindwa kufungua kizibo cha chupa, yaani navizungusha vidole naviona vinazunguka ila sivihisi, ikabidi nimpe yule dada aliyeniuzia anifungulie. Na hapo bado sijaanza kupanda mlima. Mtu kupanda kona za Soni na vidole visivyosikia mkono wa breki, hiyo sio ishu ya kuvumilia tena, nikasema hapa lazima nibadilishe usukani.

Awamu ya kwanza nikaenda moja kwa moja kwenye usukani wa bomba moja, ule mpana kama wa pikipiki za kawaida. Inakuja kama seti, unapata sahani ya juu mpya yenye vishikio, bomba lenyewe, na mpira mrefu wa breki kwa sababu ule wa kiwandani haufiki. Nikampelekea fundi mmoja hapa mjini akafunga ndani ya siku moja.

Nikiri ukweli, foleni ya Kimara ilikuwa raha tupu. Unakaa wima, unaona mbele mpaka bajaji ya tano, unageuza katikati ya magari kwa kidole kimoja, mgongo hausemi chochote. Ile wiki ya kwanza kila aliyeniuliza nilimwambia afanye haraka, na ndo maana naandika hii, kwa sababu nahisi niliwapa watu ushauri kabla sijaupima.

Jumamosi yake nikatoka kwenda Lushoto. Barabara ya kutoka Mombo kwenda juu kwa wasioijua ni nyembamba, kona juu ya kona, huku ukuta wa mlima huku bonde, na juu kule zinashuka fuso za mboga na mabasi, dereva wa basi anaijua kila kona kwa jina na hapunguzi kwa ajili yako. Kona ya tatu ya nne hivi nikaanza kuona kitu hakipo. Mimi hii pikipiki nimezoea kusikia tairi la mbele kwenye viganja. Lami ikiwa na mchanga kidogo, ile laini tu imesombwa na mvua, unausikia kabla haujawa tatizo, kama mtu amekupapasa kwenye kiganja. Tairi likianza kubeba mzigo wakati unalaza, usukani unakuwa mzito kidogo, na huo uzito ndo unakwambia endelea kulaza, bado nipo. Safari hii kimya. Nalaza, pikipiki inalala, inalala haraka hata kuliko zamani, ila sijui mbele kuna nini. Nikajikuta nalaza nusu nusu, naingia kona, nasahihisha, nasahihisha tena, kona moja naikata vipande vitatu.

Nimelifikiria sana hili na nimelielewa hivi. Pikipiki ikiwa kwenye mwendo haigeuzwi kama baiskeli ya mtoto, unasukuma mkono wa kushoto kwenda mbele ili ilale kushoto, wa kulia ili ilale kulia, hata asiyejua anafanya hivyo bila kujua. Bomba likiwa pana una nguvu zaidi ya kusukuma, ndo maana foleni ilikuwa tamu, lakini nguvu hiyo hiyo inafanya kila kitu kidogo kinachokutikisa mwilini kiingie kwenye usukani. Kishimo kimekurusha kidogo kwenye kiti, mikono imevuta, tairi limegeuka, pikipiki imeyumba, na wewe hujataka. La pili ni uzito. Ukikaa wima mwili wako umerudi nyuma, tairi la mbele limepungukiwa na mzigo, na hii mashine imechorwa ikitegemea wewe uwe umeliinamia. Shingo yake, ule mhimili usukani unapozungukia, imelala nyuzi 24 tu, yaani imesimama, inageuka kwa wepesi, sasa ukiipunguzia uzito mbele ule wepesi unageuka kuwa uhuni. Nikitoka kwenye kona nafungua mafuta, usukani unaanza kupepesuka kushoto kulia. Mara mbili imenifanyia hivyo na zote mbili bonde lilikuwa upande wangu.

Halafu kuna hili ambalo linaniuma mpaka leo. Narudi, nimesimama Mombo kuweka mafuta, nikageuza usukani mpaka mwisho ili nitoke kwenye pampu, nikaona mpira wa breki umekazwa kama kamba ya kuanikia nguo. Yule fundi alinifungia mpira wa zamani, ule mrefu uliokuja na seti nikaja kuukuta kwenye mfuko wa spea alionirudishia, haujafunguliwa hata nailoni yake. Nimepanda na kushuka mlima na huo mpira. Kwa hiyo nakuomba, ukibadilisha usukani wowote, kabla hujatoka gereji geuza mpaka mwisho kulia, geuza mpaka mwisho kushoto, angalia mpira, angalia waya wa klachi, angalia waya wa aksileta, weka vidole vyako kati ya mkono wa breki na kava uone vinapita. Alafu washa, iache sailensa, yaani ingurume yenyewe bila kuongezwa mafuta, geuza tena pande zote. Mngurumo ukipanda wenyewe wakati unageuza maana yake waya wa aksileta unavutwa, na siku ukikata kona ya kurudi nyuma itaongeza moto bila wewe.

Ile seti nikaitoa. Nikakaa kama mwezi na klipon za kiwandani nikitafuta, mwisho nikaagiza nje klipon za kuinua, mpaka nazishika mkononi zimenitoka kama laki nne na nusu na ushuru ndani. Hizi zinabana shokapu pale pale chini ya sahani kama za zamani, alafu zinapanda kwa nje na kurudi kidogo kuelekea kwako. Zangu zimepanda kama milimita 25. Ukiiambia milimita 25 kwa mtu anacheka, ni unene wa vidole viwili bana, lakini kaa juu yake utajua.

Kufunga nimefunga mwenyewe nikisaidiwa na kijana wa gereji ya mtaani, na kazi kubwa sio klipon, kazi ni kuiweka mbele ikae hewani vizuri, maana ukishalegeza sahani ya juu na zile za chini ukizigusa kwa bahati mbaya shokapu zinateleza. Tulizungushia tepu kila shokapu kuweka alama ya ilipokuwa. Swichi zina kapini kanakoingia kwenye kitundu cha bomba, klipon zangu hazikuwa na kitundu, ikabidi tutoboe, na hapo pima mara tatu toboa mara moja kwa sababu ukikosea honi na indiketa zinakaa pembe ambayo dole gumba halifiki. Mpira wa breki wa zamani umefika wenyewe bila kuvutwa, kwa hiyo hatukugusa oili ya breki wala kutoa upepo.

Na hapa ndo kuna kitu ambacho nadhani wengi wanakiruka. Ukishainua mikono umerudisha uzito nyuma, hata kama ni kidogo, basi urudishe mbele kwa njia nyingine. Mimi nilizipandisha shokapu kwenye sahani milimita 4, yaani vichwa vyake vichomoze zaidi juu, pua ya pikipiki ikashuka kiasi hicho. Nilipima kwa kalipa, kile kipimo cha milimita, pande zote mbili zilingane, na nikahakikisha shokapu ikibonyea mpaka mwisho madigadi haligusi rejeta. Usiende zaidi ya hapo kwa mara moja, nakwambia kwa nia njema, ukizidisha inakuwa ya kupepesuka upya na utarudi kule kule.

Nimepanda nayo Lushoto mara nne mpaka sasa. Mara ya kwanza, kona ile ya kushoto kabla ya Soni, kulikuwa na mchanga umetawanyika upande wa ndani na nimeusikia kwenye kiganja cha kushoto. Nilifurahi mpaka nikasema kwa sauti ndani ya helmeti. Sio sawasawa na zamani, niseme ukweli wangu, ule usikivu wa klipon za chini kabisa naukadiria nimebaki na kama robo tatu yake, ila hiyo inanitosha kulaza nikiwa naamini. Vidole Segera vinakuwa vimechoka, ganzi hakuna.

Malalamiko ninayo. Upepo sasa unanipiga shingoni maana kioo cha mbele ni kifupi, nikilala kwenye tanki viwiko vinagusa magoti, na mwanzo mikono ilikuwa inawasha kwa mtetemo mpaka nikazitoa zile vyuma za mwishoni mwa usukani zilizokuja nazo, nyepesi sana, nikarudishia zile nzito za kiwandani, ikatulia. Rangi nyeusi ya mkono wa kulia imeshaanza kubanduka pale raba inapoishia.

Kuna vitu viwili vya bure natamani ningevifanya kabla sijatoa hata senti. Kwanza mkono wa breki na wa klachi nimeuinamisha chini kidogo mpaka kiganja na kigasha vikawa mstari mmoja, kabla yake nilikuwa naupinda mkono siku nzima. Pili magoti, ukilikumbatia tanki kwa mapaja unajishikilia kwa tumbo na miguu, viganja vinabaki kazi ya kushika tu. Kule vijijini kwenye 50 sasa hivi nafanya hivyo kila nikiona kibao, nabana magoti, nalegeza viwiko, na napita.

Kama pikipiki yako ni ya kwenda kazini tu na kona unaziona kwenye keepleft, bomba pana litakufaa kabisa, funga na mpira mrefu. Kama unapanda milima, inua kidogo, na hiyo kidogo ipime kwa kalipa. Ile seti yangu ya kwanza bado iko stoo, nimeshaulizwa na watu wawili, na nitaitoa ikiwa na ule mpira wake mrefu ndani ya nailoni, anayeichukua nitamwonyesha kwanza unapofungwa.