Vikundi vya Sheria ya Jinai Vyuoni: Alama Zetu Ziko Kwenye Dodoso

Vikundi vingi vya wanafunzi wa sheria wanaopenda kesi za jinai hujinadi kwa wageni: leo jaji mstaafu, kesho wakili mwenye jina. Jioni inapendeza, lakini mwanachama anarudi bwenini hajui kumuuliza shahidi swali. Alama za juu tunakipa kikundi kinachoendesha mahakama ya mfano walau mara mbili kwa mwezi na kugawa jalada siku saba kabla.

Jalada lisizidi kurasa 15: hati ya mashtaka, maelezo ya mashahidi wawili wa mashtaka na ya mshtakiwa, kielelezo kimoja. Likinenepa, watu wanasoma badala ya kuuliza. Kila anayepanda kizimbani atengewe dakika 8 za maswali ya upande wake, 10 za dodoso (maswali ya upande pinzani), 2 za ufafanuzi wa upande wake. Watatu hao wanamaliza saa moja. Hotuba za mwisho ni dakika 7 kwa kila upande. Katika kikao cha dakika 90 zinabaki 16 za tathmini, nazo ndizo huliwa kwanza. Kikundi kisichozilinda tunakipunguzia alama bila huruma.

Kasoro kubwa ni shahidi wa kuigiza anayebuni mambo. Muulizaji aliyeiva hamkemei: anamsomea maelezo yake, anamwuliza kama ndiyo aliyoyatia saini, kisha anakaa kimya. Dodoso libebe jambo moja kwa kila swali, jibu liwe ndiyo au siyo. Ukiuliza “kwa nini,” umempa shahidi jukwaa.

Zamu za pande ziwe za lazima, maana wote hukimbilia utetezi, na hata huko wanakosea: hotuba nzima inahangaika kuthibitisha kwamba mteja hana hatia. Tangu uamuzi wa kesi ya Woolmington wa 1935 nchini Uingereza, mahakama zinazofuata mkondo huo hurudia kwamba mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka. Utetezi unatosheka na shaka ya msingi.

Maombi ya dhamana na ya kupunguziwa adhabu hufanyiwa mazoezi kwa nadra, ilhali ndiyo kazi ya kwanza anayotupiwa wakili mchanga. Na kikundi kinachowashauri watuhumiwa halisi bila wakili msimamizi, kikimbie.

Kabla ya kujiunga, omba kuona jalada la kikao kilichopita. Wakikuonyesha picha za wageni, umeshajibiwa.