Land Rover 109 pickup yenye kutu: gonga chesisi kabla hujataja bei

Karibuni sana watazamaji. Gari la leo ni Land Rover Series III, pickup, ile ndefu. Wengi mnaiita 109, na hiyo ni hesabu ya inchi kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma, sawa na mita 2 na sentimita 77. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 mpaka 1985. Utaitambua kwa grili ya plastiki na geji zilizokaa mbele ya dereva. Kama geji ziko katikati ya dashibodi, hiyo ni Series II au IIA.

Swali linaloulizwa sana ni hili: mtu akiikuta imekaa uani, nyasi zimeota ndani, mwenyewe anataka kuiuza, je, inafaa kununua na kuifufua? Inafaa, ila pesa yako inunue chesisi na fayawoli. Injini, gia boksi, difu, milango, vyote hivyo utavipata kwa wauza spea. Vitu viwili vinavyoweza kukumaliza ni hiyo chesisi na huo ukuta wa chuma unaotenga injini na miguu ya dereva.

Ni hivi. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Wakati huo Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kinatolewa kwa mgawo, aluminiamu ndiyo ilikuwa inapatikana. Kwa hiyo bodi ikafanywa ya aluminiamu, na chesisi ikabaki ya chuma. Matokeo yake ndiyo haya unayoyaona kwenye hii ya leo: ukiitazama kwa mbali bodi ni nzima, ina mikwaruzo tu, unasema hili gari zima. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu, basi macho yanadanganyika. Kuoza kote kuko chini, mahali ambapo hukuinama.

Tuiname sasa. Njoo na nyundo ndogo ya nusu kilo, bisibisi ngumu iliyochongoka, tochi, na gunia la kulalia. Chesisi hii ni boksi, yaani bati nne za chuma zenye unene wa karibu milimita 2 zimeunganishwa kwenye kona. Ndani ni tupu. Tope na maji huingia kupitia matundu, yanakaa, na kuoza kunaanzia ndani kuja nje. Rangi ya nje inaweza kuwa nzuri kabisa na ndani pameshakwisha.

Gonga kila baada ya upana wa kiganja kimoja, kutoka mbele kwenda nyuma. Sikiliza. Chuma kizima kinalia, sauti inaruka na nyundo inaruka. Chuma kilichooza kinajibu kwa sauti nzito, kama unagonga mbao mbichi, na magamba yanaanguka ndani ya boksi, unayasikia yakichakacha. Hapo chukua bisibisi usukume. Ikiingia, weka alama ya chaki.

Sehemu za kugonga kwa bidii ni hizi. Ya kwanza ni boriti ya nyuma, pale pa kuvutia trela, maana tairi za nyuma zinairushia tope miaka yote. Ya pili ni vishikizo vya springi za nyuma. Ya tatu ni mikono inayotoka pembeni mwa chesisi kubeba fayawoli, na mingine inayobeba tangi la mafuta. Na usisahau pua za mbele kabisa pale springi zinapofungwa. Boriti iliyo chini ya gia boksi mara nyingi iko salama, kwa sababu gia boksi yenyewe inavuja na kuipaka oili.

Mikono na boriti ya nyuma zikiwa zimeoza, usikimbie. Hizo ni kazi za kawaida kwa fundi wa kuchomelea mwenye mkono mzuri. Lakini alama za chaki zikiwa nyingi kwenye zile reli mbili ndefu, hasa pale zinapopinda juu ya ekseli ya nyuma, au ukiona viraka vimepandana juu ya viraka, liache gari hilo, au lilipie kama spea. Kuna viwanda Uingereza ambavyo bado vinatengeneza chesisi mpya za Series, zimetiwa zinki kabisa. Ila usafiri wake ni ghali, na utakuwa na suala la namba ya chesisi la kueleza Mamlaka ya Mapato, TRA.

Nikitaja namba: kwenye Series III imegongwa kwenye chuma cha mbele kulia, pale kinapofungwa kishikio cha springi. Sugua kwa brashi ya waya mpaka isomeke, halafu ilinganishe na kibati cha fayawoli na kadi ya gari. Namba ya injini nayo itazame, kwa sababu nyingi zimeshabadilishwa injini na kadi haikubadilishwa. Haya yamalizike kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Uliza pia gari limefanya kazi wapi na limebeba nini. Lililokaa Dodoma au Singida, hewa kavu, mara nyingi chesisi yake ni ngumu hata kama bodi imebondeka kote. Lililokaa Tanga, Bagamoyo au Unguja limevuta chumvi ya bahari. Na baya kuliko yote ni lililobeba samaki au magunia ya chumvi, maana yale maji ya chumvi yanatiririka kutoka kwenye sehemu ya mizigo moja kwa moja juu ya chesisi.

Sasa fayawoli. Nyanyua mazulia na mipira ya sakafuni. Sehemu mbili za kukanyagia, ya dereva na ya abiria, ndizo zinazotoboka kwanza. Kutoboka hapo peke yake si tatizo, bati jipya linakatwa na kuchomelewa. Tazama nguzo za milango, pale chini kabisa zinapokaa juu ya mkono wa chesisi, na kona mbili za juu chini ya kioo. Shika mlango ukiwa wazi, uunyanyue juu. Bawaba ikicheza ni pini tu. Nguzo yenyewe ikicheza, fayawoli imeachia, na hiyo ni kazi ya kushusha bodi yote ya mbele.

Sogeza kamera hapa kwenye ukingo wa chini wa mlango. Mnaona huu unga mweupe? Huu ndio ugonjwa wa Land Rover ambao wanunuzi wengi hawaujui. Fremu ya mlango ni chuma, ngozi ya nje ni aluminiamu. Metali hizo mbili zikigusana na katikati pakaingia maji yenye chumvi, zinakuwa kama betri, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Inageuka unga. Ukikuna kwa kucha inatoka. Ukipaka puti juu yake na kupiga rangi, inavimba tena mapema tu. Dawa ni kufungua, kukata sehemu iliyokufa, kupaka chuma praima ya zinki, kuweka utepe wa mpira katikati, kisha kurudisha bati kwa ribiti za aluminiamu. Usimpe fundi wa stiki za kawaida aluminiamu aichomelee. Hiyo inataka mashine ya agoni na mtu anayeijua.

Kwenye injini sitakaa sana. Zilizo za kawaida, ya petroli na ya dizeli, ni silinda nne, cc 2,286, na zote mbili zinatumia cheni ya taimingi. Zilizotoka baada ya 1980 zina beringi kuu tano za krenki badala ya tatu, hizo ni imara zaidi. Pima kompresheni silinda zote. Zikikaribiana, tofauti isizidi kama asilimia 10, ni dalili nzuri. Ya dizeli ikisumbua kuwaka asubuhi, na maji yanapungua bila kuona yanapovuja, hedi inaweza kuwa na ufa. Kama imefungwa injini ya Kijapani, tazama vishikizo vyake: vimechomelewa vizuri au vimekatwa ovyo kwenye reli ya chesisi?

Jaribio la gia lifanye kwenye udongo, si kwenye lami, kwa sababu transfa, yaani boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, haina difu ya katikati na ukiunganisha magurudumu manne kwenye lami unabana mfumo wote. Bonyeza kitufe cha njano chini: magurudumu ya mbele yanaingia kazini kwa mwendo wa kawaida. Simamisha gari, vuta mkono mwekundu nyuma: unapata gia nzito. Ukiusukuma mbele tena, kitufe cha njano kinapaswa kuruka chenyewe juu. Kisiporuka, kuna kutu au uchafu kwenye fimbo zake, na mara nyingi ni kazi ya kusafisha tu.

Chini nyuma, angalia difu. Yenye kifuniko kikubwa cha nyuma kilichofungwa kwa boliti kuzunguka ni Salisbury, na hiyo ndiyo unayoitaka kwa kubeba mizigo. Ile ya duara laini isiyo na kifuniko cha kufungua nyuma ni ekseli ya Rover ya zamani, na hafu shafti zake, yaani vyuma vinavyozungusha magurudumu, hukatika. Dalili yake: umeweka gia, umeachia klachi, injini inazunguka na gari haliendi, lakini ukibonyeza kitufe cha njano linavutwa na magurudumu ya mbele.

Mbele, zungusha steringi mpaka mwisho utazame yale mapira yanayong'aa nyuma ya gurudumu. Yakiwa na vishimo vya kutu, sili mpya itakatwa na oili itavuja tena hata ukibadilisha mara kumi. Pira lenyewe ndilo la kubadilisha.

Nawaomba sana msikilize hapa. Ndani ya boriti ya mbele kuna rilei ya steringi, bomba lililosimama wima, na ndani yake kuna springi kali iliyobanwa. Linashikana na kutu, mafundi wanaligonga kwa nyundo kubwa, linafunguka, na ile springi inaruka kwa nguvu ya kutoboa uso. Litoe zima bila kulifungua. Ukilazimika kulifungua, lifunge ndani ya gunia zito na ulibane kwenye vaizi, mdomo wake usielekee kwa mtu. Kama halina mchezo na halivuji, lijaze oili tu uliache.

Umeshanunua. Kazi inaanza kwa maji, si kwa grinda. Osha ndani ya chesisi kwa presha kupitia kila tundu mpaka maji yatoke masafi, usishangae ukijaza ndoo mbili za tope. Boliti zote za springi zilowekwe mafuta ya kupenya siku tatu mfululizo kabla ya kuzigusa. Tafuteni spana za inchi: 7/16, 1/2, 9/16, 5/8 na 3/4. Spana ya milimita inakula kona za nati, na nati iliyokuwa ya dakika moja inakuwa ya mchana mzima.

Kabla ya kukata chochote, weka chesisi kwenye stendi nne, iwe sawa kwa pima maji, kisha pima mshazari: kutoka boliti ya springi ya mbele kushoto mpaka ya nyuma kulia, na kinyume chake. Vipimo vikipishana zaidi ya milimita 5 au 6, chesisi imepinda, na ukichomelea hivyo umeifungia ulemavu wake. Usikate mikono ya pande zote mbili kwa pamoja. Maliza upande mmoja, rudi mwingine. Kwenye mlango chomelea kwanza nondo ya kushikilia nafasi, la sivyo mlango hautafunga tena.

Kata mpaka ufikie chuma kinachong'aa. Kiraka kiwe cha milimita 2 au 3, kona zake za mviringo, kichomelewe kuzunguka chote, kwa vipande vifupi vya sentimita 3 huku ukirukaruka ili joto lisipinde reli. Kiraka kilichowekwa juu ya kutu kinafungia maji katikati na kuoza haraka kuliko mwanzo. Tangi la mafuta litoke kabisa, na waya za betri na alteneta zifunguliwe kabla stiki haijagusa chuma.

Breki za 109 ni drumu pande zote, na mbele kila gurudumu lina silinda mbili. Watu hutoa hewa siku nzima na pedali bado inazama. Legeza ajasta za breki shuu mpaka mwisho kwanza, ili pistoni zirudi ndani na hewa ikose pa kujificha, ndipo utoe hewa, kisha ukaze ajasta mahali pake.

Rangi ikikauka, nyunyizia nta ndani ya boksi la chesisi. Oili chafu ya injini wengi wanaitumia, inasaidia, ila inakula mpira wa bushi, kwa hiyo ukiitumia funika bushi kwanza. Matundu ya chini ya kutolea maji yabaki wazi. Boliti za springi zisikazwe mpaka mwisho gari likiwa juu ya stendi. Lishushe likae kwenye tairi zake, lisukume mbele na nyuma, ndipo ukaze, vinginevyo bushi zitachanika. Yubolti, zile boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya, si za zamani, na ukishatembea kilomita 500 rudi chini uzikaze tena.